Mkato na Maana: Uakifishaji wa Vipashio Bainishi na Vipashio vya Nyongeza katika Sentensi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza matumizi ya alama ya mkato katika kutenganisha vipashio vya sentensi vinavyobainisha rejeleo la nomino na vile vinavyoongeza taarifa tu. Hoja inayotetewa ni kwamba mfumo wa upatanisho wa Kiswahili, pamoja na utajiri wake, hauonyeshi tofauti hiyo, na kwamba kanuni ya shuleni inayouhusisha mkato na pumzi huificha zaidi. Inapendekezwa kwamba mkato wa nyongeza uchukuliwe kuwa alama ya jozi, na kwamba mkato mmoja baina ya kiima na kiarifu uepukwe katika nathari, hasa katika maandishi ya kisheria na ya kitaaluma.

1.0 Utangulizi

Uakifishaji ni tawi ambalo halijapewa uzito mkubwa katika uchunguzi wa sarufi ya Kiswahili. Wanasarufi wameshughulikia kwa kina ngeli, minyambuliko ya vitenzi, njeo na urejeshi, lakini alama za uandishi zimeachiwa zaidi vitabu vya shule, ambamo huorodheshwa pamoja na mifano michache. Mgawanyo huo wa kazi unatokana na imani kwamba alama hizo ni pambo la maandishi tu na kwamba hazina nafasi katika muundo wa lugha. Sentensi tatu zifuatazo, ambazo zingeweza kupatikana katika kanuni za chama chochote cha ushirika, zinatosha kuitilia shaka imani hiyo:

(1a) Wanachama ambao hawajalipa ada hawatapiga kura.
(1b) Wanachama, ambao hawajalipa ada, hawatapiga kura.
(1c) Wanachama ambao hawajalipa ada, hawatapiga kura.

Maneno ya sentensi hizi ni yale yale, na mpangilio wake ni ule ule. Hata hivyo, (1a) inawazuia baadhi tu ya wanachama, yaani wale wenye deni la ada. Sentensi (1b) inadai kwamba wanachama wote wana deni hilo, na kwa hiyo hakuna hata mmoja atakayepiga kura. Sentensi (1c), ambayo ndiyo inayofanana zaidi na mazoea ya waandishi wengi, haifuati kanuni ya (1a) wala ya (1b). Wasomaji wengi wataielewa kama (1a). Lakini mtu mwenye maslahi katika uchaguzi huo anaweza kudai kwamba mkato wa kwanza ulisahauliwa na mpiga chapa, na kwamba kusudio la kanuni lilikuwa (1b). Haki ya kupiga kura inakuwa imening'inia kwenye alama moja ndogo.

Makala haya yanalenga kueleza chanzo cha utata huo, kuonyesha vigezo vya kuutatua, na kupendekeza kanuni ambayo inaweza kufundishwa bila kuhitaji istilahi nyingi. Katika mjadala huu, kipashio kinachosaidia kutambua nomino inamrejelea nani au nini kitaitwa kipashio bainishi. Kipashio kinachotoa maelezo ya ziada kuhusu kitu ambacho kimekwisha kutambulika kitaitwa kipashio cha nyongeza.

2.0 Mkato wa Pumzi na Mkato wa Maana

Baadhi ya vitabu huiita alama hii koma, vingine huiita mkato, na vingine huiita kipumuo. Jina hili la tatu linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa linabeba nadharia nzima. Kipumuo ni mahali pa kupumua. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba mkato huwekwa pale msomaji anapovuta pumzi amefundishwa kwamba alama hiyo ni ya sauti, na kwamba urefu wa maneno ndio unaoamua mahali pake.

Nadharia hiyo haikuzuka bila sababu. Kabla ya hati za Kilatini kuenea, Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa hati za Kiarabu kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya maandishi yaliyohifadhiwa ni ushairi. Ushairi huo ulikusudiwa kughaniwa na kuimbwa. Katika shairi la bahari ya kawaida, kila mshororo hugawanyika katika vipande viwili, ukwapi na utao, na mizani ya kila kipande huhesabiwa. Mashairi ya aina hiyo yalipoanza kuchapishwa kwa hati za Kilatini, mkato ulipewa kazi ya kuonyesha mpaka wa vipande hivyo katikati ya mshororo. Katika kazi hiyo mkato ni alama ya mizani, na hakuna kosa lolote mshairi akiuweka baina ya kiima na kiarifu chake, kwani kinachotengwa pale ni vipande vya wimbo.

Methali nazo zina mwendo huo huo wa sehemu mbili. Methali isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu mara nyingi huandikwa hivi:

(2a) Asiyesikia la mkuu, huvunjika guu.

Kwa upande wa mizani, mkato huo unaeleweka. Kwa upande wa sintaksia, maneno asiyesikia la mkuu ndiyo kiima cha huvunjika, na kuyatenga na kitenzi chake ni sawa na kuandika:

(2b) *Mkaidi, huvunjika guu.

Hakuna mwandishi makini atakayeandika (2b) katika nathari. Tofauti baina ya (2a) na (2b) ni urefu wa kiima peke yake. Mazoea ya ushairi na methali yameingia katika nathari na kuleta mkato unaofuata urefu wa maneno. Aidha, mkato huo wa pumzi umekalia nafasi ambayo mkato wa maana unahitaji kuwa nayo.

Haina maana kwamba kiimbo hakihusiki. Ashton alipochapisha sarufi yake mwaka 1944 aliliweka suala la kiimbo hadi kwenye jina la kitabu, na msemaji wa Kiswahili anaposoma (1b) kwa sauti huituliza sauti kabla na baada ya kishazi cha nyongeza. Tatizo ni kwamba mtuo wa sauti una vyanzo zaidi ya kimoja. Upo mtuo unaotokana na maana, kama ule wa (1b), na upo mtuo unaotokana na uzito wa maneno, kama ule wa (2a). Maandishi yakiipa mituo yote miwili alama moja, msomaji asiyeisikia sauti ya mwandishi hana njia ya kujua ni mtuo upi unaokusudiwa.

3.0 Urejeshi na Mipaka ya Mofolojia

3.1 Kazi ya viambishi

Swali la kwanza la kujiuliza ni iwapo Kiswahili kinahitaji mkato kwa kazi hii. Lugha yenye viambishi vingi kiasi hiki ingeweza kudhaniwa kuwa na njia yake ya kimofolojia ya kutofautisha ubainishi na nyongeza.

Kiswahili Sanifu kina njia tatu kuu za urejeshi. Ya kwanza ni O-rejeshi inayopachikwa ndani ya kitenzi pamoja na mofimu -na-, -li-, -taka- na ile ya ukanushi -si-, kama katika kinachosomwa, kilichosomwa, kitakachosomwa na kisichosomwa. Ya pili ni O-rejeshi inayowekwa mwishoni mwa kitenzi kisichokuwa na mofimu ya njeo, kama katika kisomwacho. Ya tatu ni amba-, ambayo asili yake ni kitenzi kuamba, yaani kusema, na ambayo hutangulia kishazi chenye kitenzi cha njeo au hali yoyote. Kwa nomino za umoja katika ngeli ya viumbe, nafasi ya O-rejeshi huchukuliwa na -ye-.

Inawezekana kudhani kwamba O-rejeshi ya ndani ya kitenzi ni ya ubainishi na amba- ni ya nyongeza. Mifano ifuatayo inapinga dhana hiyo:

(3a) Nahodha aliyestaafu anaishi Lamu.
(3b) Mzee Hamisi, aliyekuwa nahodha, anaishi Lamu.
(3c) Nahodha ambaye amestaafu anaishi Lamu.
(3d) Mzee Hamisi, ambaye amewahi kuwa nahodha, anaishi Lamu.

Katika (3a) na (3c) kishazi rejeshi kinabainisha ni nahodha yupi. Katika (3b) na (3d) Mzee Hamisi amekwisha kutambulika kwa jina lake, na kishazi kinaongeza habari za kazi yake tu. Kila njia ya urejeshi imetumika kwa kazi zote mbili. Kinachoamua uteuzi wa amba- katika (3c) na (3d) ni hali ya -me-, ambayo katika Kiswahili Sanifu haipokei O-rejeshi ndani ya kitenzi.

Jambo hili lina uzito katika mfano (1). Mwandishi wa kanuni angeweza kujaribu kuikwepa amba- kwa kuandika wanachama wasiolipa ada. Lakini -si- ya urejeshi haionyeshi njeo. Wasiolipa wanaweza kuwa wale ambao hawakulipa, wale ambao hawajalipa, au wale ambao hawatalipa. Anayetaka kueleza wakati kwa usahihi hana budi kutumia amba-, na akiisha kuitumia, hakuna kiambishi kitakachomweleza msomaji iwapo kishazi kinabainisha au kinaongeza.

Upatanisho nao hausaidii zaidi ya hapo. Katika kitabu cha mwalimu ambacho kimepotea na kitabu cha mwalimu ambaye amepotea, -cho na -ye huonyesha bila shaka yoyote nomino ipi inarejelewa. Huo ni uwezo mkubwa ambao lugha nyingi hazina. Hata hivyo, upatanisho unajibu swali la nomino ipi. Haujibu swali la iwapo nomino hiyo imekwisha kutambulika. Jibu la swali hili la pili linatolewa na sauti katika mazungumzo, na na mkato katika maandishi.

Inafuata kwamba desturi ya kuweka mkato kabla ya kila amba- haina msingi. Anayeandika *Alimtafuta mtu, ambaye angemsaidia amemtenga mtu huyo na sifa pekee inayomtambulisha.

3.2 Vigezo vya kutofautisha

Vigezo vinne vifuatavyo vinaweza kutumiwa kupambanua aina hizi mbili za vishazi.

Kigezo cha kwanza ni swali la -pi. Kishazi kinachojibu swali nahodha yupi?, kitabu kipi? au wanachama wepi? ni bainishi. Iwapo swali hilo halina maana katika muktadha husika, kishazi ni cha nyongeza. Hakuna anayeuliza Mlima Kilimanjaro upi. Kwa hiyo huandikwa:

(4) Mlima Kilimanjaro, ambao kilele chake kina urefu wa mita 5,895, upo kaskazini mwa Tanzania.

Kigezo cha pili ni mgawanyo wa sentensi kwa kutumia na- ya kirejelezi. Kishazi cha nyongeza kinaweza kutolewa na kuwa sentensi huru bila kuharibu sentensi kuu: Mzee Hamisi anaishi Lamu. Naye amewahi kuwa nahodha. Mfano (1a) ukifanyiwa hivyo, maana hubadilika kabisa: Wanachama hawatapiga kura. Nao hawajalipa ada. Kubadilika huko ndiko kunakothibitisha kwamba kishazi cha (1a) ni bainishi.

Kigezo cha tatu ni neno tu. Kishazi bainishi hukubali kufafanuliwa kwa maneno ni wale tu, kama katika ni wale tu ambao hawajalipa ada. Kishazi cha nyongeza hakikubali ufafanuzi huo.

Kigezo cha nne ni vibainishi vya idadi. Nomino inayoandamana na kila, yeyote au hakuna haina rejeleo mahususi kabla ya kishazi rejeshi kufika. Kwa sababu hiyo mikato haikubaliki:

(5a) Kila mwanafunzi aliyefika alisajiliwa.
(5b) *Kila mwanafunzi, aliyefika, alisajiliwa.

Inafaa kuzingatiwa kwamba majina ya pekee hayafungwi moja kwa moja na kishazi cha nyongeza. Katika Zanzibar aliyoijua babu siyo hii ya leo, jina la mahali limegawanywa katika nyakati, na kishazi kinabainisha ni Zanzibar ya wakati upi. Kuandika Zanzibar, aliyoijua babu, siyo hii ya leo ni kuiondoa maana hiyo. Kinachoamua ni rejeleo linalokusudiwa. Aina ya nomino ni dalili tu.

4.0 Mkato Mmoja Baada ya Kiima

Vigezo hivyo vinatoa majibu mawili tu: mikato miwili au pasiwe na mkato. Sentensi (1c) ina mmoja. Aina hii ya sentensi ndiyo inayohitaji maelezo ya pekee, kwa kuwa imeenea sana katika magazeti, barua za ofisi, tasnifu na hata vitabu vya kiada.

Utetezi wake wenye nguvu zaidi unatoka katika isimu ya lugha za Kibantu yenyewe. Bresnan na Mchombo (1987), wakichunguza Kichewa, walionyesha kwamba kiambishi cha kiima kinaweza kuwa alama ya upatanisho tu, au kinaweza kuwa kiwakilishi kinachorejelea mada iliyo nje ya kishazi. Iwapo uchambuzi huo unafaa pia kwa Kiswahili, basi kikundi nomino kilichoko mwanzoni mwa (1c) kinaweza kuhesabiwa kuwa mada, na wa- katika hawatapiga ndiyo kiima halisi. Mkato ungekuwa unatenga mada na kishazi, jambo ambalo ni halali katika sentensi kama hizi:

(6a) Vitabu hivi, wanafunzi wamekwisha kuvisoma.
(6b) Wazee wa kijiji, wao walibaki nyumbani.

Utetezi huu hauwezi kupuuzwa, lakini una upungufu wa aina mbili. Kwanza, katika (6a) na (6b) umada unaonyeshwa na sarufi: -vi- ya yambwa katika mfano wa kwanza, na kiwakilishi wao katika mfano wa pili. Katika (1c) hakuna dalili ya aina hiyo. Pili, kama mkato wa (1c) ungekuwa wa mada, ungetarajiwa kutokea pia katika sentensi zenye kiima kifupi ambacho ni mada. Haufanyi hivyo. Waandishi wanaoandika Wanachama ambao hawajalipa ada, hawatapiga kura hawaandiki Wanachama, hawatapiga kura. Mkato wao unafuata urefu, na urefu ni jambo la pumzi.

Gharama ya mkato huo inaonekana pale mwandishi huyo huyo anapotaka kutumia kishazi cha nyongeza. Msomaji aliyezoea kukuta mkato mmoja baada ya kila kiima kirefu hawezi tena kuuamini mkato wa pili wa jozi. Kila anapoukuta, hana budi kurudi nyuma kutafuta mwenzake. Mkato unaowekwa bila maana huwa unaipunguzia nguvu mikato yenye maana.

Mwandishi anayeona kwamba kiima chake ni kizito mno hakosi njia nyingine. Kiswahili kinaruhusu kiima kufuata kitenzi, na sentensi ndefu inaweza kupangwa upya bila kuhitaji alama yoyote:

(7a) *Wanafunzi waliowasili jana asubuhi kutoka mikoa ya kusini kwa ajili ya mitihani, walipewa vyumba.
(7b) Walipewa vyumba wanafunzi waliowasili jana asubuhi kutoka mikoa ya kusini kwa ajili ya mitihani.

Njia nyingine ni kuigawa sentensi hiyo mara mbili na kuanza ile ya pili kwa hao au wanafunzi hao.

5.0 Majina ya Maelezo na Majina ya Wito

Tofauti ya ubainishi na nyongeza haiishii kwenye vishazi rejeshi. Inajitokeza pia pale jina linapofuata nomino ili kuieleza, na hapa Kiswahili kina utata wake cha pekee unaotokana na muundo wa umilikishi. Mfano ufuatao una fasiri tatu:

(8a) Mwanawe Salim amehitimu.

Fasiri ya kwanza ni kwamba aliyehitimu ni mwana wa Salim, kwa kuwa mazungumzo ya kawaida huruhusu kiambishi milikishi kufuatwa na jina la mmiliki, kama katika mamake Juma au dada yake Asha. Fasiri ya pili ni kwamba mtu fulani ana watoto kadhaa, na aliyehitimu ni yule aitwaye Salim. Hapo jina ni bainishi. Fasiri ya tatu ni kwamba mtu huyo ana mtoto mmoja tu, ambaye jina lake ni Salim. Hapo jina ni la nyongeza. Mikato miwili huitenga fasiri hii ya tatu na zile mbili za kwanza:

(8b) Mwanawe, Salim, amehitimu.

Fasiri ya kwanza na ya pili haziwezi kutenganishwa kwa uakifishaji. Anayekusudia ile ya kwanza katika maandishi rasmi anashauriwa kuandika mwana wa Salim. Mfano huu unaonyesha mpaka wa uwezo wa mkato: unaweza kutenga nyongeza na ubainishi, lakini hauwezi kurekebisha kila utata wa muundo.

Kanuni ya jozi inafanya kazi hata pale mkato mmoja tu unapoonekana. Kipashio cha nyongeza kikiwa mwanzoni mwa sentensi, mkato wa kwanza humezwa na mpaka wa sentensi. Kikiwa mwishoni, mkato wa pili humezwa na nukta. Ndivyo ilivyo kwa majina ya wito:

(9a) Mwalimu Juma amefika.
(9b) Mwalimu, Juma amefika.
(9c) Juma amefika, mwalimu.

Katika (9a) mwalimu na Juma ni mtu mmoja. Katika (9b) na (9c) mwalimu ndiye anayeambiwa, na Juma ni mtu mwingine. Wito ukiwa katikati, jozi huonekana yote: Juma, mwalimu, amefika.

6.0 Vishazi vya Sababu Baada ya Ukanushi

Eneo la tatu ambalo linahitaji uangalifu ni vishazi vya sababu vinavyofuata kitenzi kikanushi:

(10a) Hakujiuzulu kwa sababu aliogopa.
(10b) Hakujiuzulu, kwa sababu aliogopa.

Sentensi (10b) ina maana moja: mhusika alibaki kazini, na woga ndio uliomzuia kuondoka. Sentensi (10a) inaweza kueleweka kwa namna nyingine pia, kwamba mhusika alijiuzulu kweli, ila sababu yake haikuwa woga. Katika fasiri hii kishazi cha sababu ni bainishi, kwani ukanushi unakilenga chenyewe. Katika (10b) ukanushi umekamilika kabla ya mkato, na sababu imeongezwa baadaye. Mwandishi anayekusudia fasiri ya woga kukanushwa atafanya vyema kuikamilisha kwa bali: Hakujiuzulu kwa sababu aliogopa, bali kwa sababu alichoka. Katika wasifu wa mtu au ripoti ya uchunguzi, tofauti hiyo ni ya heshima ya mhusika.

7.0 Athari kwa Sheria na Ufundishaji

Umuhimu wa mambo haya umeongezeka kadiri Kiswahili kinavyopewa majukumu mapya. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nchini Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Hukumu, mikataba na sheria ndogo zinazoandikwa kwa Kiswahili zinasomwa na watu ambao wana sababu ya kutafuta fasiri inayowafaa. Mpangaji atakayesoma kwamba wapangaji, ambao wamevunja masharti, watahama ana haki ya kuuliza iwapo yeye asiyevunja sharti lolote amehesabiwa humo. Mwandishi wa sheria hana budi kulijua jibu kabla ya kuweka alama.

Kwa upande wa ufundishaji, mazoezi yaliyozoeleka humpa mwanafunzi kifungu kisichokuwa na alama na kumtaka aakifishe. Zoezi la namna hiyo haliwezi kupima tofauti inayojadiliwa hapa, kwa kuwa (1a) na (1b) zote ni sentensi sahihi. Zoezi linalofaa zaidi ni lile linalotanguliza muktadha. Mwanafunzi anaweza kupewa sentensi Walimu ambao wamehamishwa wataagwa Ijumaa pamoja na hali mbili. Katika hali ya kwanza, shule ina walimu kumi na sita kati yao wamehamishwa. Katika hali ya pili, shule inafungwa na walimu wote kumi wamehamishwa. Kazi yake ni kuiandika sentensi hiyo mara mbili, mara moja kwa kila hali, na kueleza kwa nini mikato imewekwa au imeachwa. Mwanafunzi aliyefanya zoezi hilo ameanza kujiuliza anachotaka kusema kabla ya kujiuliza atavuta pumzi wapi.

8.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mofolojia ya urejeshi na upatanisho wa Kiswahili havitofautishi kishazi bainishi na kishazi cha nyongeza, na kwamba kazi hiyo imebaki kwa kiimbo katika mazungumzo na kwa mkato katika maandishi. Imeonyeshwa pia kwamba mkato wa pumzi, uliorithiwa kutoka katika mizani ya ushairi na mwendo wa methali, unaichafua kazi hiyo unapotumiwa katika nathari baina ya kiima na kiarifu. Kanuni inayopendekezwa ni fupi: kipashio bainishi hakitengwi kwa mkato, kipashio cha nyongeza hutengwa kwa jozi ya mikato, isipokuwa pale mpaka wa sentensi unapoumeza mmoja wao, na urefu wa kiima peke yake si sababu ya kuweka mkato.

Yapo maeneo ambayo bado yanahitaji utafiti, hasa uhusiano baina ya umada na kiima katika Kiswahili cha maandishi, na namna wasomaji wanavyofasiri sentensi za aina ya (1c) zikiwa katika nyaraka zenye athari za kisheria. Hata hivyo, mhariri, mwalimu na mwandishi wa sheria hawahitaji kusubiri matokeo ya utafiti huo ili kuyaweka maandishi yao katika hali ya kueleweka kwa namna moja. Mwanachama ambaye hajalipa ada anastahili kujua kwamba ni yeye anayezuiwa, na mwenzake ambaye amelipa anastahili kuingia katika chumba cha uchaguzi bila kubishana na mtu yeyote kuhusu mkato.